Futari Niliyopanda Nayo Ndege

Juzi nilimkasirisha dereva wa teksi. Alikuwa akinipeleka kwenye uwanja wa ndege wa Ukunda, nimechelewa, mvua inanyunyiza, nami nikamwambia asimame kwanza pale kwenye njia panda kwa mwanamke anayeuza viazi karai. "Madamu, ndege itakuacha," akaniambia. Nikamwambia iniache. Nilishuka nikanunua viazi, sambusa nne na kaimati, zile tonge tamu za unga, nikafungiwa kwenye karatasi, na nilipoketi tena mafuta yakaanza kupenya mpaka kwenye paja langu. Harufu ya ukwaju na bizari ikajaa garini. Dereva akateremsha kioo kwa kununa. Mimi nikafumba macho, na papo hapo nilikuwa na miaka tisa, nimekaa kiti cha nyuma cha gari jingine kwenye barabara ile ile, nimeuma meno kwa hasira.

Wenzangu wa kazini wananijua kwa ushamba huu. Wananiambia ndani ya ndege kuna chakula, kuna kahawa ya kikombe cha karatasi, kuna biskuti. Wale vyao. Mimi nikipanda ndege Ukunda hupanda na chakula cha Ukunda, chenye mafuta, chenye harufu, na mwenye pua nyepesi aombe kiti kingine. Nina sababu yangu na sijawahi kuisimulia yote. Leo ninawasimulia ninyi wa rika langu, hasa mliolelewa na bibi zenu kisha siku moja mkaambiwa mfunge nguo zenu.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo mno, hata sauti yake siikumbuki. Nililelewa Msambweni na Bibi, mama mzaa mama, mwanamke mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi asubuhi. Baba yangu alikuwa mtu wa Tiwi aliyepata kazi Nairobi. Alikuja kuniona mara mbili kwa mwaka, na kila alipokuja aliniletea viatu vipya vilivyonibana, maana alimnunulia yule mtoto aliyemwacha safari iliyopita. Sikumchukia. Nilimwamkia shikamoo, nikapokea viatu, nikangoja aondoke maisha yaendelee.

Ramadhani ile alikuja bila viatu. Alikuja na tikiti mbili za ndege. Nilijibanza nyuma ya mlango nikamsikia akimwambia Bibi barazani, kwa adabu kabisa, kwamba sasa ana nyumba ya vyumba viwili, kwamba kuna shule nzuri karibu, na kwamba mtoto anapaswa kukaa na baba yake. Nilingoja Bibi amfukuze. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza mwuza samaki mpaka barabarani kwa sababu ya changu mmoja aliyelala. Basi nilikuwa na uhakika. Bibi akasema, "Mtoto ni wako, mwanangu. Mimi nilikuwa nakushikia tu."

Yarabi, hasira niliyoiona siku hiyo! Nilimkasirikia Baba, lakini Bibi nilimkasirikia zaidi. Kushikia! Mimi ni mwavuli? Nikaenda jikoni baada ya alasiri nikamkuta juu ya mbuzi akikuna nazi ya futari, nikasimama mbele yake mikono kiunoni, jambo ambalo siku nyingine lingenipatia kofi.

"Mbona hakuna aliyeniuliza mimi?"

"Wewe mtoto. Mtoto hana neno."

"Mwenye neno ni nani?"

"Mtu mzima."

"Na mtu mzima ni yupi?"

Bibi akaendelea kukuna. Kifuu kikabaki kitupu ndipo akanijibu, wala hakuniangalia. "Anayefunga kutwa. Akifunga mpaka jua likazama, huyo si mtoto tena. Ana neno lake."

Lazima mfahamu kwamba mimi mpaka siku ile nilikuwa nikifunga nusu, kama watoto wote wa mtaani kwetu. Tunakula daku na wakubwa, tunatamba mbele za wenzetu kwamba tumefunga, na adhuhuri tukifika nyumbani tunafungua. Bibi alikuwa na desturi ya kunifunikia sahani ya wali na mchuzi nyuma ya mlango wa jikoni, nile kimya kimya. Kutwa nzima sikuwahi, wala sikutaka kuwahi.

Sasa nikataka. Neno la Bibi nililichukua kama mtoto achukuavyo mambo, lote, bila kupunguza. Kichwani mwangu ilikuwa sheria, tena sheria inayojulikana na watu wote isipokuwa mimi. Nikifunga kutwa ninapata neno, na nikipata neno nikasema sitaki, mambo yamekwisha. Baba atasema "sawasawa," atakunja tikiti zake, atakwenda zake Nairobi. Nilishangaa tu kwamba watoto wengine hawakuwa wametumia njia hii, maana mimi niliiona rahisi.

Siku ya safari nilikula daku kwa bidii. Adhuhuri nilipoingia jikoni kwa mazoea, nyuma ya mlango hapakuwa na sahani. Bibi alikuwa amekaa pale pale anachambua mchele, tukatazamana, kisha akarudi kwenye mchele wake. Nimeifikiria sahani ile isiyokuwapo maisha yangu yote. Watu wazima wa siku hizi wananiambia bibi yangu alikuwa akinituliza tu kwa lile jibu lake. Haya, waniambie basi kwa nini hakunifunikia chakula.

Balaa lilikuja saa tisa, teksi ilipopiga honi nje. Nilikuwa nimedhani safari ni ya usiku, baada ya futari. Kumbe ndege inaruka kabla ya magharibi. Nilihesabu haraka haraka nikaona kwamba neno langu litanifikia nikiwa tayari hewani, na hapo nilianza kulia, si kwa huzuni bali kwa kuona nimefanyiwa hila. Bibi akanifunga leso mabegani, akanitia mkononi tende tatu kwenye fundo la kitambaa. Kisha akamgeukia Baba. "Futari yangu bado iko motoni. Msimame Ukunda, kwa Bi Riziki pale njia panda, umnunulie ya kupanda nayo. Na umngoje afungue kwa wakati wake. Usimlazimishe."

"Sawa, mama," Baba akamjibu. Bibi hakunibusu mbele za watu, hakuwa mtu wa hivyo. Alinishika kichwa akaniachilia.

Njia nzima sikumsemesha Baba. Jua lilikuwa kali, midomo imenikauka, tumbo linanguruma mpaka dereva akacheka. Baba akaniambia, "Mama," maana nilipewa jina la mama yake na ndivyo alivyoniita, "Mama, Mungu amemruhusu msafiri kufungua. Tena wewe mtoto, hata hujafaradhishiwa. Kunywa maji." Akanipa chupa, baridi, inatoka jasho. Niliitazama chupa ile kwa muda ambao naona haya kuutaja. Nikakitazama kijiji cha Gazi kikipita dirishani. Nikamwambia, "Nimefunga." Neno moja tu, nikageuza uso.

Tulipofika Ukunda Baba alitaka kunipeleka kwenye mkahawa wa kuku na chipsi za boksi, vitu ambavyo siku nyingine ningeimba njia nzima. Nikasema hapana, Bibi kasema kwa Bi Riziki. Bi Riziki alikuwa mwanamke mnene mwenye karai kubwa la mafuta chini ya mwavuli wa pwani uliofifia rangi, na saa ile alikuwa amezungukwa na watu wanaonunua futari. Viazi vilikuwa vinaingia kwenye rojo la manjano vinatumbukia mafutani, na harufu yake, wallahi, ilinivuta mpaka karibu na karai. Baba akanunua viazi, sambusa za nyama, kaimati zenye shira, na chatini ya ukwaju kwenye kijimfuko kilichofungwa fundo. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye sambusa moja, akaiinua kuelekea mdomoni.

"We baba," Bi Riziki akamwambia, "hujafunga?"

"Nimesafiri."

"Umesafiri! Kutoka wapi?"

"Msambweni," Baba akasema, na watu wote waliosimama pale wakaangua kicheko. Alikuwa na haki yake, alikuwa ametoka Nairobi jana na anarudi leo, lakini nani angemsikiliza tena? Akairudisha sambusa kwenye karatasi. Bi Riziki akaniinamia, akayaona macho yangu na midomo yangu. "Na wewe?"

"Mimi nimefunga."

"Kutwa?"

"Kutwa."

"Mashallah," akasema kwa sauti ili wote wasikie, akaniongezea kaimati mbili juu. Nilisimama pale nimeinua kidevu nikijiona nimekwisha kuwa mkubwa wa Baba.

Uwanjani, mlinzi alifungua kifurushi changu mezani. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya kazi iliyomzidi. "Hii ni nini?" akauliza, ingawa harufu ilikuwa imeshamjibu. Nikamwambia ni futari yangu. Akavuta pumzi ndefu, akafumba macho, akakifunga kifurushi upesi. "Pita, dada. Pita nacho mbali," akasema. Na yeye alikuwa amefunga.

Ndani ya ndege Baba alinipa kiti cha dirishani, upande wa kushoto, upande wa machweo. Kabla hatujaruka, mhudumu akapita na sinia la pipi. "Chukua moja, mrembo, masikio yasiume." Nikakataa. "Ni ya bure," akasema, akidhani naogopa. Nikakataa tena. Basi tulipopaa masikio yangu yaliziba, yakauma mpaka machozi yakanitoka, na Baba anaimung'unya pipi yake taratibu huku ananitazama. Nilishika kifurushi kifuani kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na joto.

Kisha chini yetu ikaisha bahari, ikaisha minazi, ikaanza nyika, na Baba akatazama saa yake ya mkononi. "Haya. Magharibi Msambweni imeshaadhiniwa. Bibi yako sasa hivi yuko kwenye uji. Fungua."

Nikatazama nje. Jua lilikuwa pale pale, zima, juu ya bawa la ndege, linaniangalia usoni.

"Jua hilo," nikasema.

"Hilo ni kwa sababu tuko juu. Chini limeshazama."

"Mimi siko chini."

"Mama, sikiliza. Saa ni saa."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na hofu kubwa sana moyoni, na ndiyo niliyotaka kuwaeleza. Nilihisi nimewekewa mtego. Bibi alisema mpaka jua likazama. Nikila na jua linaniona, saumu imekufa, na saumu ikifa neno langu limekufa nalo, na mimi nitakaa Nairobi mpaka nizeeke. Lakini jua lenyewe lilikuwa halitaki kushuka! Kadiri tulivyokwenda ndivyo lilivyokaa. Nilidhani tunalikimbiza, kwamba rubani anakwenda upande wake kwa makusudi, na kwamba Baba amempa maagizo.

Mbele ukatokea mlima Kilimanjaro juu ya mawingu, mweusi, na jua likaenda likaingia nyuma yake. Ndani ya ndege pakawa na kigiza. "Haya, limezama," Baba akasema, akaanza kufungua karatasi. "Bismillahi."

Nikaziba kifurushi kwa kiganja. "Halijazama. Limejificha."

"Limejificha vipi? Unaliona?"

"Silioni, lakini liko nyuma ya mlima."

"Laa ilaha illa Llah," akasema Baba, na watu wa kiti cha mbele wakageuka. Tukakaa hivyo, mkono wake juu ya karatasi na mkono wangu juu ya mkono wake. Ndege ikaendelea. Na baada ya dakika chache, upande wa pili wa mlima, likachomoza, jekundu, lote. Baba alilitazama, akanitazama mimi, akapiga paja lake akacheka mpaka akakohoa. "Haki ya Mungu," akasema. "Haki ya Mungu." Nikaona ameondoa mkono wake.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza maalim mmoja kuhusu jambo hili, naye akaniambia hukumu ni ya jua unaloliona mahali ulipo, na mwenye kupanda angani na alingojee jua lake. Kwa hiyo nilikuwa sawa, na mtu mzima mwenye saa alikuwa amekosea. Nilifurahi kama nimeshinda kesi.

Likashuka mwishowe, polepole, likawa ukucha, likawa uzi, likaisha. Nikangoja kidogo zaidi ili pasiwe na shaka. Kisha nikafungua fundo la Bibi, nikasoma dua, nikala tende. Sitawaeleza utamu wa tende ile kwa sababu waliofunga wanaujua. Nikampa Baba moja, akaipokea kwa mkono wa kulia kama aliyefunga, kisha tukakifungua kifurushi tukala pamoja. Viazi vilikuwa vimepoa na vimelegea, chatini ilikuwa imevuja kwenye sambusa, kaimati zimegandamana. Sijala chakula kitamu zaidi ya kile mpaka leo, na nimekula kwenye hoteli kubwa kubwa. Nilikula nikilamba vidole, harufu ya ukwaju imeenea ndege nzima, hakuna aliyethubutu kusema neno.

Nilipomaliza nikajifuta mikono kwa leso, nikakaa wima.

"Baba, nimefunga kutwa."

"Mashallah, mwanangu. Hongera."

"Basi nina neno langu. Sitaki kukaa Nairobi. Nataka kukaa Msambweni na Bibi. Mwambie rubani ageuze."

Watu wa mbele wakacheka. Baba pia akacheka, mwanzoni. Mimi sikucheka, nikamtazama tu, na kicheko chake kikapungua. "Nani kakwambia kwamba ukifunga utakuwa na neno?"

"Bibi."

Akaiweka chini karatasi ya mafuta. Nadhani hapo ndipo alipomwelewa mkwewe. Bibi hangeweza kumkatalia baba mtu mtoto wake, heshima ilimzuia na haki ilikuwa upande wake Baba. Lakini hakuna heshima iliyomzuia mtoto mwenyewe.

Akaanza kunieleza. Shule ina maktaba. Chumba kina kitanda changu na dirisha. Nikasema sitaki. Akasema nitazoea. Nikasema sitazoea. Hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo lilinipa taabu zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Kisha akageuza uso wake, akasema kitu ambacho sikuwa nimekitarajia.

"Na mimi je? Nikitoka kazini nyumba iko kimya. Tangu mama yako afariki nafungua redio ili nisikie mtu. Mimi nikae na nani?"

Swali hilo halijawahi kunipitia kichwani. Nilikuwa nikidhani Baba ana Nairobi, na Nairobi inamtosha. Nilimwona kwa mara ya kwanza, mtu mzima mwenye shira ya kaimati kwenye ndevu, anangoja jibu kwa mtoto wa miaka tisa. Nilimhurumia, nakiri. Lakini sikulegea, na sijutii.

"Njoo wewe," nikamwambia. "Njia unaijua."

Akanifunga mkanda. Ndege ikatua, akanishika mkono, tukaenda kwake, na kitanda kilikuwapo na dirisha lilikuwapo. Nilikaa mpaka Idi. Nilifunga kutwa kila siku, na kila jioni baada ya tende nilimwambia neno langu, bila kulia, bila kupiga kelele, kisha nikala chakula alichopika. Jioni moja aliniomba angalau leo nipumzike. Sikupumzika. Idi pili akanirudisha Msambweni mwenyewe, akanikabidhi kwa Bibi, na Bibi akamwekea maji ya kunawa.

Yeye kuja ilimchukua miaka minne. Aliacha kazi ya Nairobi akapata nyingine Kwale, mshahara nusu, na ndugu zake wa Tiwi wakamwita mpumbavu mbele yake na nyuma yake. Alishuka kwetu alasiri moja na masanduku mawili na ile redio kwapani. Akasimama uani, jasho linamtiririka, hajui aende upande gani.

"Nikae wapi, mama?" akaniuliza.

Bibi alikuwa jikoni, alisikia vizuri sana, akanyamaza makusudi. Nikaipokea redio, nikamwambia baba yangu aingie.